Kutoka nyufa za vyuma hadi moyo wa mtoto

Leo nawaletea historia fupi. Mnamo 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow alijaribu mashine ya kiwandani, iliyotumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka wa 1958 yeye, John MacVicar na injinia Tom Brown wakachapisha picha za altrasaundi, zikiwemo za mtoto tumboni.

Lakini moyo wa mtoto huyo ni mdogo, tena unadunda mbio. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingi hazionekani mapema. Zikijulikana, mama anaweza kujifungulia karibu na wataalamu.

Mwaka wa 2021, kundi la Rima Arnaout huko California lilieleza jinsi lilivyofunza tarakilishi kwa picha 107,823. Mimi kama mwandishi wa programu nilivutiwa na hili: kabla ya kusaka kasoro, programu ilichagua kwanza picha zinazoonyesha moyo kutoka pande tano muhimu. Katika jaribio ilitambua 95% ya mioyo yenye kasoro.

Kwa hivyo mkono wa mpiga picha ungali muhimu. Tarakilishi haiwezi kuchagua picha ambayo haikupigwa.