Njia ya Uzayuni wa Kikristo hadi Vilima vya Gitega na Muyinga

Uzayuni wa Kikristo ni imani ya Wakristo wanaofundisha kwamba kurejea kwa Wayahudi Palestina, pamoja na kuundwa kwa dola ya Israeli mwaka 1948, ni utimilifu wa ahadi aliyopewa Abrahamu na wa unabii wa Agano la Kale, na kwamba kwa sababu hiyo kila Mkristo, na kila taifa linalotamani baraka, hana budi kuiunga mkono dola hiyo. Nchini Burundi, kama katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki, fundisho hili huhubiriwa hasa katika makanisa ya Kipentekoste na ya uamsho, na wengi wanaolisikia hulipokea kana kwamba lina umri sawa na Biblia yenyewe. Historia yaonyesha vingine. Umbo lake la sasa lilifinyangwa Ireland na Uingereza katika miaka ya 1830, zama zisizo mbali na zile ambazo mwami Ntare Rugamba alikuwa akiupanua ufalme wa Burundi, na njia iliyolifikisha kwenye vilima vya Gitega na Muyinga yaweza kufuatwa, kituo kimoja hadi kingine.

Wazo la Wayahudi kurudi katika nchi ya mababu zao lilikuwako miongoni mwa baadhi ya Waprotestanti wa Uingereza tangu karne ya 17, na mwanasheria Henry Finch aliliandikia kitabu mwaka 1621. Aliyelitia katika mfumo kamili wa mafundisho ni John Nelson Darby (1800–1882), kasisi wa Kianglikana huko Ireland, ambaye aliliacha kanisa lake akawa kiongozi wa Ndugu wa Plymouth, waumini waliokusanyika bila makasisi wa kuwekewa mikono. Darby aliigawa historia ya wokovu katika vipindi, na katika kila kipindi, alisema, Mungu huwajaribu wanadamu kwa namna ya pekee. Akasisitiza pia kwamba Israeli na Kanisa ni makundi mawili tofauti ya watu ambayo ahadi zake hazichanganyiki: ahadi za nchi na ufalme ni za Wayahudi wa damu, ilhali Kanisa litanyakuliwa kwenda mbinguni kabla ya dhiki kuu, ndipo Kristo arudi kutawala miaka elfu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa maana kwa karne nyingi Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi waliofuata nyayo za Luther na Calvin walikuwa wamefundisha kwamba ahadi hizo zimetimia katika Kristo na kurithiwa na Kanisa lililokusanywa kutoka mataifa yote.

Darby mwenyewe alizuru Amerika ya Kaskazini mara saba kati ya 1862 na 1877, lakini chombo kilichoeneza fundisho lake kuliko safari zote hizo kilikuwa Biblia ya Scofield, iliyochapishwa mwaka 1909. Cyrus Scofield, aliyewahi kuwa mwanasheria Kansas kabla ya kuwa mchungaji, aliupanga ukurasa kwa namna yenye nguvu ya ajabu: aya za Maandiko zilisimama juu, safu nyembamba ya marejeo ikapita katikati, na chini, kwa herufi ndogo, yakawekwa maelezo yake mwenyewe. Msomaji aliyeteremsha macho kutoka ahadi ya Abrahamu alikuta, katika ukurasa uleule, dai kwamba waliowatesa Wayahudi wamepatwa na mabaya siku zote na waliowalinda wamefanikiwa. Ilihitaji uangalifu mkubwa kukumbuka kwamba maneno ya juu ni ya Kitabu cha Mwanzo na ya chini ni ya Mmarekani wa karne ya 20, na wanafunzi wengi wa vyuo vya Biblia, ambao baadaye walivuka bahari kuwa wamisionari, hawakuwa na uangalifu huo.

Siasa za jambo hili ziliigusa Afrika Mashariki mapema kuliko inavyokumbukwa. Theodor Herzl, mwasisi wa Uzayuni wa Kiyahudi, ambaye hakuwa mtu wa dini, alipata mmoja wa wasaidizi wake wa kwanza kwa William Hechler, kasisi wa Kianglikana huko Vienna aliyekuwa akipiga hesabu za unabii. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Herzl pendekezo la makazi ya Wayahudi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo umo Kenya, ingawa pendekezo hilo limebaki likiitwa mpango wa Uganda. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwezi Agosti mwaka huo ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma tume ya uchunguzi, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Waziri mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour, na mwanasheria aliyeandaa rasimu ya mkataba kwa niaba ya Wazayuni alikuwa David Lloyd George, aliyelelewa katika kanisa la Kibaptisti la Wales na kuijua miji ya Biblia tangu utotoni. Ni watu hawa wawili ambao mwezi Novemba 1917, mmoja akiwa waziri wa mambo ya nje na mwingine waziri mkuu, waliahidi makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuitwaa Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka mmoja kabla, na mwezi Julai 1922 Shirikisho la Mataifa liliidhinisha udhamini wa nchi zote mbili, Palestina kwa Uingereza na Ruanda-Urundi, iliyojumuisha Burundi, kwa Ubelgiji. Wakazi wa Palestina na wa Burundi hawakuulizwa.

Katika Burundi yenyewe Ukristo uliotangulia ulikuwa wa Kikatoliki. Mapadre Weupe walijenga Muyaga mwaka 1898 na Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899, na mafundisho yao hayakuwa na nafasi kwa unabii wa kurejeshwa kwa Israeli; Papa Pius wa 10, alipokutana na Herzl mwezi Januari 1904, alikataa kuuunga mkono mpango wake. Waprotestanti walifika mwaka 1911 kwa kupitia misheni ya Neukirchen ya Ujerumani, iliyokuwa imekwisha kufanya kazi miongoni mwa Wapokomo wa mto Tana nchini Kenya, na kimojawapo cha vituo vyao kikawa Kibimba, magharibi ya Gitega. Mwanzilishi wa misheni hiyo, Ludwig Doll, aliiga mfano wa George Müller wa Bristol, aliyekuwa miongoni mwa Ndugu wa Plymouth. Si haki kuwahesabu watu wa Neukirchen kuwa wafuasi wa Darby, kwani Müller alitengana naye tangu 1848. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni desturi ya kusoma Biblia neno kwa neno na kuishi wakimngojea Kristo aliye karibu kurudi, na udongo wa namna hiyo ndio ambamo fundisho la vipindi huota upesi.

Vita Kuu ya Kwanza viliwaondoa Wajerumani, na mwaka 1934 Kibimba ikachukuliwa na Marafiki wa Kansas, yaani Wakwekeri wa kiinjili, chini ya Arthur Chilson, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Kaimosi nchini Kenya mwaka 1902. Mwaka 1935 Wapentekoste wa Sweden walianza kazi Kiremba, kusini, na misheni ya Kianglikana ya Ruanda ikafungua Matana na Buhiga, ambayo imo kati ya Gitega na Muyinga. Kwa njia ya Waanglikana hawa ulipita uamsho uliotoka Gahini nchini Rwanda, na wafuasi wake ni wale ambao Afrika Mashariki nzima huwaita Walokole. Inafaa kulitazama jambo hili kwa haki: kiini cha uamsho kilikuwa msalaba, kuungama dhambi hadharani na kupatana na jirani, na Yerusalemu waliyoiimba Walokole ilikuwa ya mbinguni. Mapenzi kwa Israeli ya duniani, yenye ramani na jeshi, yalikuja baadaye na kwa wahubiri wengine.

Serikali nayo ilikwenda njia yake. Burundi ilivunja uhusiano na Israeli mwezi Mei 1973, kabla hata ya vita vya Oktoba kati ya Israeli na Waarabu vilivyozifanya nchi nyingi za Afrika kufanya vivyo hivyo, na uhusiano haukurejeshwa hadi 1995. Katika miaka hiyo utawala wa Jean-Baptiste Bagaza uliwafukuza wamisionari wengi na kuzibana ibada. Makanisa mapya ya uamsho yalistawi baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1987, na zaidi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1990 na baada yake, yakiwa na uhusiano wa karibu na wahubiri wa Marekani, Kenya na Kongo. Fundisho waliloletewa lilikuwa limekwisha kupata taasisi zake, ukiwamo Ubalozi wa Kikristo wa Kimataifa uliofunguliwa Yerusalemu mwaka 1980.

Burundi ina sababu ya pekee ya kuwa na tahadhari. Wasafiri na wamisionari wa Ulaya, kuanzia John Hanning Speke katika kitabu chake cha 1863, walidai kwamba Watutsi na jamii zinazofanana nao walitoka Uhabeshi na walikuwa wa uzao wa Hamu, na wengine wakaongeza harufu ya Uyahudi. Mwishoni mwa karne ya 20 taasisi iliyoitwa Havila, yenye makao Brussels, ililigeuza dai hilo likawa fahari, ikafundisha kwamba Watutsi ni Waebrania wa kale. Wanahistoria, akiwamo Jean-Pierre Chrétien, wameonyesha kwamba nadharia hiyo ya Kihamu ilibuniwa na Wazungu, na kwamba Watutsi na Wahutu wamekuwa na lugha moja, mwami mmoja na Imana, yaani Mungu, mmoja. Nchi iliyowazika Wahutu kwa maelfu mwaka 1972, na ambayo mwezi Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, iliona makumi ya wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba ileile wakichomwa moto, haiwezi kuyachezea madai ya taifa teule la damu, yawe ya kujisifu au ya kumwita mwingine mgeni.

Tena ujirani wa Muyinga, ambako Waislamu ni wengi kuliko katika sehemu kubwa ya nchi, huufanya msimamo juu ya Palestina kuwa suala la watu wanaokutana sokoni kila wiki. Wanaosahaulika katika mahubiri mengi ni Wakristo wa Palestina wenyewe. Mwezi Agosti 2006 viongozi wanne wa makanisa ya Yerusalemu, miongoni mwao Patriaki wa Kikatoliki Michel Sabbah na Askofu wa Kianglikana Riah Abu El-Assal, walitoa tamko la kuukataa Uzayuni wa Kikristo wakiuita fundisho potovu linaloharibu ujumbe wa Biblia wa upendo, haki na upatanisho. Sabbah alikuwa katika ushirika mmoja na jimbo kuu la Gitega na jimbo la Muyinga, na Riah katika ushirika mmoja na dayosisi za Kianglikana zenye majina hayohayo.