Deni Lililoshika Mwili

Katika Roma ya kale, maskini asiye na shamba bado alikuwa na kitu cha kuweka rehani: mwili wake. Mapatano hayo yaliitwa nexum, kutoka kitenzi cha Kilatini nectere, yaani kufunga pamoja. Kutoka kitenzi hichohicho limezaliwa neno nexus, ambalo wasomi wa leo hulitumia kwa upole kabisa kumaanisha kiungo. Zamani halikuwa na upole huo. Varro, mwanachuoni wa karne ya kwanza KK, anaeleza kwamba nexus alikuwa mtu huru anayemtumikia mdai wake kama mtumwa mpaka deni liishe.

Mapatano ya nexum yalifungwa kwa shaba na mizani, mbele ya mashahidi watano waliobaleghe na mtu wa sita wa kushika mizani. Roma haikuwa bado na sarafu, hivyo shaba ilipimwa kwa uzito.

Naye mdaiwa aliyeshindwa mahakamani alikabiliwa na Sheria za Vibao 12, za mwaka 450 KK hivi. Alipewa siku 30. Zikipita bure, mdai alimkamata na kumtia pingu kwa siku 60, akimpa ratili moja ya unga kwa siku ikiwa hana chakula chake. Alitolewa hadharani siku tatu za soko, deni likitangazwa, pengine ajitokeze wa kumkomboa. Asipopatikana, aliuawa au aliuzwa ng'ambo ya Mto Tiber.

Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 326 KK kijana Gaius Publilius, aliyejifunga kwa ajili ya deni la baba yake, alitamaniwa na mdai wake, Lucius Papirius. Alipokataa, akachapwa viboko. Alikimbilia barabarani, umati ukafurika hadi kwenye Seneti, na ikapitishwa sheria ya Poetelia Papiria: mali ya mdaiwa ndiyo ishikwe, si mwili. Kisa kimenyooka mno kuaminika chote. Varro anaipeleka sheria hiyo mbele, kwenye mwaka 313 KK, na mdai katili ana jina la ukoo mmoja na konsuli aliyeipitisha.

Tena sheria hiyo haikumaliza kila kitu, kwani aliyehukumiwa kulipa bado aliweza kukamatwa. Mwaka 63 KK, wafuasi wa uasi wa Catilina walilalamika kwamba ukatili wa wakopeshaji na wa hakimu umewanyang'anya mali na uhuru wao.