Munadhara wa Ufundi na Shahada Mjini Eldoret

Mji wa Eldoret, ulioanzia katika shamba la walowezi lenye namba 64 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1912, umepata kuusikia zamani munadhara ambao vijana wake leo wanaudhani mpya: je, mtu afunzwaye kuandika programu za kompyuta kwa miezi michache amepata elimu, au ameuziwa hadaa?

Mwaka 1924, mwaka ule ule reli ilipofika mjini hapa, tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, na ambayo Mwafrika James Aggrey alikuwa mjumbe wake, ilizuru Kenya ikahimiza masomo ya ukulima, ufundi na afya. Waafrika wengi waliitilia shaka nasaha hiyo, wala si kwa kudharau jembe na nyundo, bali kwa kuwa katika nchi ambamo mtoto wa mlowezi aliandaliwa kutawala, kumfunza mtoto wao kazi za mikono peke yake kulikuwa ni kumfungia mlango. Tume ilinena juu ya manufaa ya ufundi, wapinzani wakanena juu ya haki ya kuchagua. Hivyo walijibizana pasipo kujibiana.

Baada ya uhuru, tume ya serikali iliyoongozwa na Mackay ilipendekeza mwaka 1981 chuo kikuu cha pili chenye kuelekea sayansi na teknolojia, na mwaka 1984 kikaasisiwa Chuo Kikuu cha Moi, huko Kesses karibu na Eldoret. Elimu ya vitendo iliyoshukiwa zamani sasa ilipokewa kwa fahari, maadamu iliamuliwa na wananchi wenyewe tena ilifuatana na shahada.

Tangu Moringa School, shule ya kufunza uandishi wa programu za kompyuta kwa muda mfupi, ilipofunguliwa Nairobi mwaka 2014, ufundi na shahada vimetengana tena. Anayeyasifu mafunzo mafupi kwa sababu ya mhitimu mmoja aliyetajirika, na anayeyalaani kwa sababu ya mmoja aliyekosa kazi, wote wawili wamekosa insafu kwa namna moja. Mwenye kutafuta haki huuliza ni wangapi walioingia, wangapi waliohitimu, wangapi walioajiriwa na kwa kazi gani, na hasara ya walioshindwa ilibebwa na nani. Kisha maswali yayo hayo hukiuliza chuo kikuu, bila kukipunguzia hata moja kwa heshima ya joho.