Luis Monti, kiungo wa mataifa mawili

Mwaka 1926 tume iliyoketi Viareggio, mji wa pwani ya Italia, iliandika kanuni mpya za soka la nchi hiyo. Utawala wa Mussolini ulikuwa unatia mkono katika kila jambo, na mpira nao haukusalimika. Kanuni mojawapo iliwafungia mlango wachezaji wa kigeni. Wahungaria na Waaustria waliokuwa wakitamba katika klabu za kaskazini wakaanza kufungasha virago. Klabu zenyewe, zikiwa na fedha na uchu wa ubingwa, zikatafuta upenyo. Zikaupata ng'ambo ya Atlantiki.

Argentina ilikuwa imejaa Waitalia. Tangu karne ya 19 wakulima na vibarua walikuwa wakipanda meli bandarini Genova na Napoli kwa maelfu, wakaenda kutafuta maisha Buenos Aires. Watoto waliowazaa huko walikuwa Waargentina kwa kuzaliwa. Lakini mbele ya sheria ya Italia, mtoto wa Mwitalia aliweza kuhesabiwa Mwitalia hata kama hajawahi kuiona Italia. Oriundi, ndivyo walivyoitwa wana hao wa mbali. Kwa klabu iliyokatazwa wageni, hapo ndipo palipokuwa na hazina.

Luis Felipe Monti alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Buenos Aires tarehe 15 Mei 1901, katika familia yenye asili ya Romagna. Alianza kung'ara Huracán, kisha akahamia San Lorenzo, ambako alitwaa ubingwa wa 1923, 1924 na 1927. Alicheza katikati ya mstari wa viungo, kazi iliyodai kumkaba mshambuliaji wa kati wa wapinzani na papo hapo kuanzisha mashambulizi. Mashabiki walimbandika jina la Doble Ancho kwa upana wa mwili wake na eneo kubwa alilolifagia uwanjani. Pasi zake ndefu zilikuwa za kupimwa. Rafu zake pia ziliogopwa, na anayemsifu bila kuzitaja hamtendei haki msomaji.

Akiwa na Argentina alitwaa ubingwa wa Amerika Kusini mwaka 1927 na medali ya fedha ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Mwaka 1930 Kombe la Dunia likachezwa kwa mara ya kwanza, Uruguay. Katika mechi dhidi ya Ufaransa, Monti alimuumiza Lucien Laurent, Mfaransa aliyekuwa amefunga bao la kwanza kabisa katika historia ya michuano hiyo siku mbili tu kabla. Kisha, zikiwa zimebaki dakika chache, akapiga mpira wa adhabu uliokwenda moja kwa moja wavuni. Argentina ikashinda 1-0. Katika nusu fainali dhidi ya Marekani, iliyokwisha 6-1, ni yeye aliyefungua karamu ya mabao.

Halafu ikaja fainali ya Montevideo dhidi ya wenyeji, Uruguay, tarehe 30 Julai. Kabla ya mechi Monti alipokea vitisho vya kuuawa, na familia yake ikatishiwa pia. Timu zilishindwa hata kukubaliana juu ya mpira wa kuchezea, ikabidi kila kipindi kichezwe kwa mpira wa upande mmoja. Argentina ilikwenda mapumziko ikiongoza 2-1, ikarudi na kufungwa 4-2. Monti yule aliyeogopwa na bara zima alionekana amenywea. Nyumbani alilaumiwa vikali, kana kwamba mtu anayehofia uhai wa familia yake bado anadaiwa ukali wa kugombea mpira. Lawama hizo hazikuwa na haki.

Juventus ya Torino, chini ya Edoardo Agnelli wa ukoo wenye kampuni ya magari ya Fiat, ilikuwa imeshamchukua winga Raimundo Orsi kutoka Argentina. Mwaka 1931 ikamchukua Monti. Alikuwa na miaka 30, amenenepa, na wengi waliamini wakati wake umepita. Akajifungia mazoezini hadi akarudi katika umbo lake, kisha akawa nguzo ya kikosi kilichotwaa ubingwa wa Italia mfululizo kuanzia 1932 hadi 1935.

Kocha wa timu ya taifa, Vittorio Pozzo, hakusita kuwaita oriundi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa wanaweza kuitwa jeshini wafe kwa ajili ya Italia, basi wanaweza pia kuichezea. Katika Kombe la Dunia la 1934, lililofanyika Italia yenyewe, nusu fainali ilimkutanisha Monti na Matthias Sindelar wa Austria, mmoja wa washambuliaji hodari kabisa wa zama hizo. Alimkaba asifurukute, na Enrique Guaita, mzaliwa mwingine wa Argentina, akafunga bao pekee.

Tarehe 10 Juni, jijini Roma, Mussolini akiwa jukwaani, Monti, Orsi na Guaita waliingia wote uwanjani kucheza fainali. Czechoslovakia ilitangulia kufunga. Orsi akasawazisha katika dakika za mwisho, na Angelo Schiavio akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Timu iliyotumwa na Argentina yenyewe ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Ilitolewa na Uswidi katika mechi yake ya kwanza.

Novemba mwaka huo Italia ilikwenda London kucheza na Uingereza uwanjani Highbury. Dakika za mwanzo tu, Monti aligongana na Ted Drake akavunjika mguu. Enzi hizo hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Italia ilibaki na watu kumi, ikafungwa mabao matatu, kisha Giuseppe Meazza akarudisha mawili.

Hoja ya Pozzo ikageuka jambo la kweli mwaka 1935. Mussolini alikuwa akikusanya majeshi kuivamia Ethiopia, na Guaita, mfungaji bora wa ligi akiwa na mabao 28, aliogopa kwamba yeye na wenzake wa klabu ya Roma, Scopelli na Stagnaro, wangepelekwa vitani Afrika Mashariki. Watatu hao wakavuka mpaka kwa siri wakaingia Ufaransa, na hatimaye wakafika Argentina. Orsi naye alirudi kwao mwaka huohuo. Baadaye yeye na Guaita waliivaa tena jezi ya Argentina. Monti alibaki Torino, akacheza Juventus hadi alipostaafu, kisha akawa kocha.

Miaka ya 1960 FIFA iliziba njia hiyo: aliyeichezea timu ya taifa moja hakuruhusiwa tena kuichezea nyingine. Tangu 2004 mlango umefunguliwa kidogokidogo, na mabadiliko ya 2009 yalimwezesha kiungo Kevin-Prince Boateng, mzaliwa wa Berlin aliyepitia timu za vijana za Ujerumani, kuichezea Ghana, nchi ya baba yake, katika Kombe la Dunia la 2010. Kanuni ziliregezwa tena mwaka 2020, lakini hata hivyo mchezaji aliyeshuka dimbani katika Kombe la Dunia haruhusiwi kuhamia taifa jingine.