Ngao ya Jamii: nani anastahili kukutana na bingwa?

Kila msimu wa soka nchini hufunguliwa kwa mechi isiyo na pointi na isiyompa mtu tiketi ya kwenda Afrika. Pamoja na hayo, mwulize shabiki yeyote wa Simba au Yanga, atakutajia matokeo ya Ngao ya Jamii mwaka baada ya mwaka, na wafungaji juu. Asili ya kipute hiki ni bingwa wa ligi kupambana na bingwa wa kombe. Kwetu Tanzania imetokea hivyo mara chache mno.

Ngao yenyewe tumeirithi kwa Waingereza. Mwaka 1908 Manchester United, mabingwa wa Ligi, walikutana na Queens Park Rangers, mabingwa wa Ligi ya Kusini, kwenye uwanja wa Stamford Bridge. Walitoka 1-1, na mechi ya marudio United wakashinda 4-0. Hata huko kombe halikuwamo mwanzoni. Mwaka 1913, kwa mfano, waliopambana ni kikosi cha wachezaji wa kulipwa na kikosi cha wachezaji wa ridhaa. Ni kuanzia 1930 ndipo bingwa wa ligi dhidi ya bingwa wa Kombe la FA ilipogeuka desturi. Jina la Ngao ya Hisani nalo lilidumu hadi 2002, likawa Ngao ya Jamii.

Hapa nyumbani kikwazo kilikuwa kimoja: kwa miaka mingi kombe lenyewe halikuwepo. Kombe la FA lilirejea msimu wa 2015/16, kwa udhamini wa Azam. Kabla ya hapo bingwa alipambana na mshindi wa pili, ndiyo maana Ngao za 2010 na 2011 zikawa za watani wa jadi, Simba na Yanga. Ya kwanza Yanga waliibeba kwa penalti 3-1 baada ya sare tasa. Ya pili ikaenda Msimbazi, 2-0, kwa mabao ya Haruna Moshi 'Boban' na Felix Sunzu.

Kisha wakaja Azam FC, na mkosi wao. Mwaka 2012 walilala 3-2 mbele ya Simba. Mwaka 2013 Yanga wakawafunga 1-0. Mwaka 2014 Azam waliingia uwanjani wakiwa mabingwa wa nchi, Yanga wakawachapa 3-0. Mwaka 2015 dakika tisini ziliisha bila bao, penalti zikapigwa hadi zikafika 8-7, na Ngao ikaenda tena Jangwani, kwa Yanga. Agosti 2016 Yanga wale wale walitoka sare ya 2-2 na Azam, na safari hii Wanalambalamba wakashinda matuta 4-1. Baada ya kushindwa mara nne mfululizo, sidhani kama kuna klabu iliyowahi kuitolea Ngao hii jasho kama wao.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo tulipopata bingwa kwa bingwa kweli. Mwaka 2017 Yanga walikuwa na ligi na Simba walikuwa na kombe. Wakamaliza 0-0, Simba wakashinda penalti 5-4. Mwaka 2018 mambo yalinoga zaidi. Mtibwa Sugar, wakata miwa wa Turiani, walikuwa wamebeba Kombe la FA jijini Arusha kwa kuwafunga Singida United 3-2, nao wakaenda CCM Kirumba, Mwanza, kuwakabili Simba. Meddie Kagere na Hassan Dilunga waliifungia Simba, Kelvin Sabato akajibu kwa Mtibwa, ikaisha 2-1. Timu ya kiwanda cha sukari ilifika pale kwa kikombe ilichokishinda yenyewe, na Kanda ya Ziwa ikapata sikukuu yake. Mwaka 2019 Azam, mabingwa wa kombe, wakapigwa 4-2 na Simba.

Baada ya hapo klabu moja ikaanza kubeba vyote viwili, na swali likazuka: bingwa akiwa mmoja, nani akutane naye?

Mwaka 2020 jibu lilikuwa zuri. Simba walikuwa na ligi na kombe. Mshindi wa pili wa ligi alikuwa Yanga, lakini aliyeitwa ni Namungo ya Ruangwa, iliyofungwa 2-1 katika fainali ya kombe mjini Sumbawanga. Namungo walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza msimu wao wa kwanza Ligi Kuu. Walicheza Ngao pale Sheikh Amri Abeid, wakafungwa 2-0, na hakuna aliyesema hawakustahili.

Mwaka 2021 hapakuwa na cha kubishania, maana Yanga walikuwa wa pili kwenye ligi na kwenye kombe pia. Bao la Fiston Mayele likakata mfululizo wa Simba wa Ngao nne. Mwaka 2022 ndio unaoniuma. Yanga walibeba vyote, lakini fainali ya kombe waliinyakua kwa tabu mbele ya Coastal Union ya Tanga. Abdul Suleiman 'Sopu' alifunga mabao yote matatu ya Wagosi wa Kaya, Yanga wakasawazisha muda wa nyongeza, 3-3, wakaokolewa na penalti. Kwa mfano wa Namungo, Ngao ilikuwa ya Coastal. Wakaitwa Simba. Mayele alifunga mawili, Yanga 2-1, uwanja ukajaa, na Tanga ikabaki kuangalia kwenye runinga.

Mwaka 2023 mashindano yakawa ya timu nne za juu za ligi. Simba walishinda fainali pale Mkwakwani, kipa Ally Salim akipangua penalti tatu za Yanga. Mwaka uliofuata mfumo huo ukawaingiza Coastal nao, wakafungwa 5-2 na Azam visiwani Zanzibar. Ni haki kuusifu kwa hilo, ingawa waliingia kwa nafasi ya nne ya ligi na kombe halikuhesabiwa.

Naelewa hoja ya mapato: Simba na Yanga hujaza Benjamin Mkapa, Namungo haiujazi. Lakini msimu mzima una nafasi za watani kukutana, na mchezaji wa Ruangwa au Turiani ana njia moja tu ya kufungua msimu mbele ya nchi nzima, nayo ni kombe. Mwaka 2025 mechi ilirudi kuwa moja. Yanga walikuwa tena na vyote viwili, na waliofungwa fainali ya kombe walikuwa Singida Black Stars. Waliopangwa kukutana na Yanga walikuwa Simba.