Kuongoza kamera tatu: historia ya kazi niliyojifunza kwa kukosea

Kosa langu la kwanza kama mwongozaji wa kipindi lilidumu dakika nne hivi. Nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari hapa Goma, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu kukaa kwenye kiti cha katikati ndani ya reji, kile chumba chenye skrini nyingi ambamo kipindi kinaongozwa. Ng'ambo ya kioo kulikuwa na studio ndogo: kamera tatu, viti vinne na taa zilizotutoa jasho. Mazungumzo yalikuwa juu ya msaada kwa watu waliokimbia vita. Wageni walikuwa shefu wa kartie, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi pamoja na watoto wake.

Shefu alieleza namna chakula kilivyogawanywa. Alizungumza vizuri, nami nikabaki naye kwenye kamera namba moja. Mwenzangu wa kamera namba tatu aliniambia mara mbili kwa interfoni: "Tatu iko na mama." Nilimsikia, lakini niliogopa kubadilisha picha. Kwenye skrini ndogo mbele yangu, mama alikuwa anatikisa kichwa polepole, kisha akaweka mkono mdomoni. Katika kipindi chenyewe jambo hilo halikuonekana.

Tulipomaliza, mwalimu wetu alituonyesha tena kipande kile, akauliza: "Nani anasema hapa?" Tukajibu: shefu. "Na nani anamjibu?" Tukanyamaza. Mama mwenyewe alikuwa amebaki kunywa chai na kuangalia kazi yetu. Alinitazama bila hasira, akasema: "Mwanangu, nimekaa humo saa nzima. Mbona sionekani?"

Swali hilo halikuniacha. Nilipoanza kusoma historia ya kazi hii, niliona kwamba waongozaji wa kwanza walikutana nalo pia, na kwamba katika inchi yetu swali hilo lilikuwa na uzito wa siasa.

Mwanzo wake: London, 1936

Tarehe 2 Novemba 1936, shirika la BBC lilianza kurusha vipindi vya televisheni kwa ratiba ya kawaida kutoka jengo la Alexandra Palace, kaskazini mwa London. Mitambo miwili ilishindana, ikipokezana wiki kwa wiki. Mmoja ulikuwa wa John Logie Baird. Kwa sehemu kubwa ya vipindi, mtambo huo ulipiga filamu, ukaisafisha papo hapo kwa dawa, kisha ukairusha baada ya dakika moja hivi. Kamera yake haikuweza kutembea. Mwingine ulikuwa wa Marconi-EMI, wenye kamera za umeme zilizoitwa Emitron. Hizo ziliweza kusogezwa, na ziliweza kuwa zaidi ya moja katika studio moja. Mwanzoni mwa 1937 mtambo wa Baird uliachwa.

Kwa nini watu walihitaji kamera nyingi? Sababu yake ni wakati. Mtengeneza sinema akiwa na kamera moja anaweza kusema "simameni", akahamisha kamera, akaanza tena. Televisheni ya siku zile haikuweza kusimama. Hakukuwa na kanda ya kurekodi picha. Kilichotokea studioni kilifika nyumbani kwa mtazamaji wakati uleule. Ukitaka aone chumba chote, kisha uso wa mtu, lazima kamera ya pili iwe tayari kabla ya ile ya kwanza kuachwa.

Vifaa vyao vilikuwa vigumu. Mpiga kamera wa Emitron aliona picha ikiwa juu chini katika kioo chake, akalazimika kuzoesha macho. Reji haikuwa na skrini kwa kila kamera kama ilivyo leo. Na kutoka kamera moja kwenda nyingine kulichukua sekunde kadhaa: picha moja ilififia huku nyingine ikitokea. Kubadilisha kwa ghafla, kwa kubonyeza kitufe, kulikuja baada ya vita, televisheni ilipofunguliwa tena mwaka 1946. Kwa hiyo mwongozaji wa 1937 hakuweza kungoja mtu atikise kichwa ndipo amfuate. Alipaswa kujua mapema kwamba atatikisa.

Wengi wa waongozaji hao walitoka kwenye michezo ya jukwaani, redio na sinema. Hawakuwa na shule ya kazi yao mpya. Walijifunza wakiwa hewani, na makosa yao yalionekana na wote waliokuwa na televisheni.

Kamera tatu mbele ya watu wanaocheka

Tarehe 15 Oktoba 1951, huko Marekani, kilianza kipindi cha kuchekesha kinachoitwa I Love Lucy. Wachezaji wakuu, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, hawakutaka kuhamia New York, ambako vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja. Walibaki California na kutumia kamera tatu za filamu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini. Karl Freund, mpiga picha aliyejulikana tangu sinema za Ujerumani, alitengeneza taa zilizofaa kamera zote tatu, ili mchezo usisimame kwa kupanga taa upya.

Kicheko mara nyingi hakitoki kwa anayesema. Kinatoka kwa anayesikia: macho yake yanapotoka, au anapojaribu kunyamaza na kushindwa. Kwa kamera moja ungepaswa kumwomba mchezaji arudie mshangao wake. Kwa kamera tatu, mshangao wa kweli unanaswa palepale. Wapenzi wa michezo ya Kiswahili ya kundi la Mufwankolo, lililojulikana redioni na kwenye televisheni ya Lubumbashi, wanaelewa jambo hili bila kwenda shule.

Mwaka 1956 mashine ya kurekodi picha kwenye kanda ilianza kutumiwa katika televisheni ya Marekani. Ungedhani hofu ya mwongozaji iliisha. Haikuisha, kwa sababu kukata kanda ile na kuiunganisha kwa mkono kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Vipindi vingi vya studio viliendelea kuongozwa kana kwamba viko hewani: picha uliyoichagua ndiyo iliyobaki, na zile ulizoziacha zilipotea.

Wenye mamlaka na uso wa mtu

Tarehe 2 Juni 1953, Elizabeth wa Pili alitawazwa kuwa malkia wa Uingereza. Peter Dimmock wa BBC aliongoza kamera zilizokuwa ndani ya kanisa la Westminster. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na ubishi mkubwa. Wenye mamlaka hawakutaka kamera zikaribie sana uso wa malkia. Watu wapatao milioni 20 walitazama katika Uingereza pekee, na uso wake waliuona. Hapo ilionekana wazi kwamba anayechagua picha anashika kitu ambacho wakubwa wanakitaka pia.

Sisi Wakongomani tulilijua hilo mapema. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966, siku moja kabla ya Mobutu kutimiza mwaka mmoja madarakani. Wakati wa Zaïre, kabla ya habari, watazamaji waliona uso wake ukitokea katikati ya mawingu, kana kwamba anashuka kutoka mbinguni. Mwongozaji aliyekuwa zamu hakuwa na la kuamua hapo: picha hiyo ilikuwa imekwisha kuchaguliwa.

Ufundi ulikuwapo. Mwaka 1973 ilianzishwa Kinshasa shule ya juu ya habari, ISTI, ambayo baadaye iliitwa IFASIC, na vizazi vya wanahabari wetu vimepita humo. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana katika uwanja wa 20 Mai. Walianza karibu saa kumi za usiku, ili Wamarekani waone pambano saa za jioni kwao. Picha zilikwenda kwa satelaiti. Fikiria kazi ya mwongozaji usiku ule: Ali ameegemea kamba, anapigwa, na kila anayetazama anadhani amekwisha. Ukibaki na mikono ya Foreman, unaona mtu anayeshinda. Ukitazama macho ya Ali, unaona mtu anayengoja. Katika raundi ya nane, Foreman alianguka.

Wazee wetu wanakumbuka pia tarehe 24 Aprili 1990 huko N'Sele, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Alikatisha hotuba, machozi yakamtoka, na inchi nzima ikayaona. Uso uliotoka mawinguni sasa ulikuwa uso wa mtu. Kisha ukaja Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliofunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991. Vikao vyake vilirushwa moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Raia wakaona watu wakibishana hadharani, mmoja akisema na mwingine akikataa. Mwezi wa Januari 1992 serikali iliusimamisha mkutano, na tarehe 16 Februari Wakristo waliandamana Kinshasa wakidai ufunguliwe tena, wengine waliuawa. Watu hawafi kwa ajili ya picha tu, lakini waliokwisha kuona mabishano yale hawakutaka kurudi kwenye mawingu.

Mwanafunzi anafundishwa nini

Shule za kazi hii zilikuja baada ya kazi yenyewe. Katika miaka ya 1960, wakfu wa Thomson, ulioanzishwa 1962 na Roy Thomson aliyemiliki televisheni ya Scotland, ulifungua karibu na Glasgow chuo cha televisheni kwa watu kutoka Afrika na Asia. Njia yake ya kufundisha ni ileile tuliyoikuta sisi hapa Goma: studio ndogo, zamu, na kukosea mbele ya wenzako.

Kwanza unajifunza kupanga kamera. Kwa mazungumzo ya watu wawili, kamera ya kushoto inamtazama aliyeketi kulia, na ya kulia inamtazama aliyeketi kushoto, ili kila mmoja aonekane uso na si sikio. Ya katikati inabaki na wote. Ndiyo kimbilio lako ukipotea. Kati ya wasemaji hao kuna mstari ambao hauonekani. Kamera zote zikae upande mmoja wake. Moja ikivuka, watu wawili wanaoongea wataonekana kama wote wanatazama upande mmoja, kama abiria ndani ya basi.

Pili, unajifunza kusema kabla. Hausemi "namba tatu" na kubonyeza hapohapo. Unasema "tatu, jiandae", unangoja aliye kwenye kamera atulize picha, ndipo unasema "tatu!" Taa nyekundu inawaka juu ya kamera yake. Kando yako kuna mwenzako anayeshika saa na kuhesabu dakika zilizobaki. Na ndani ya studio kuna mwingine anayewaonyesha wageni kwa mkono. Wote wanasikia sauti yako. Ukipiga kelele, mikono yao inatetemeka na picha inatetemeka.

Tatu, na hili ndilo nililokosa mimi, unajifunza kusikiliza maneno kwa masikio huku macho yako yakiwa kwa yule asiyesema. Anayesema tayari tunamsikia. Sauti yake haipotei tukimwacha kwa sekunde nne. Jibu la anayenyamaza, usipolionyesha wakati uleule, halirudi.

Wiki mbili baadaye nilipata zamu tena. Wageni walikuwa wengine. Nilimwomba mwenzangu wa kamera namba tatu asimfuate msemaji hata kidogo. Kazi yake iwe wasikilizaji tu. Nilichelewa mara kadhaa, na mara moja nilimwonyesha mtu akipiga miayo. Mwalimu alisema ni afadhali kosa hilo kuliko lile la kwanza.

Kwa ndugu zetu walio makambini na katika familia zilizowapokea, wanaoitwa mara kwa mara kuzungumza mbele ya kamera, haya yanafaa kujulikana. Mnaweza kuuliza kabla: picha hii itaonyeshwa wapi, na kwa lugha gani. Mnaweza kukataa uso wenu uonekane ikiwa kuna hatari, na mwongozaji anaweza kuwapiga picha kutoka mgongoni au mikono tu. Studioni, kamera yenye taa nyekundu ndiyo inayoonekana wakati huo. Lakini zile nyingine nazo zinawatazama, na kutikisa kichwa kwenu ni neno pia. Na kama mmekaa saa nzima bila kuonekana, ulizeni kama mama yule alivyoniuliza. Mwanafunzi aliye ndani ya reji atajifunza kitu.