Fimbo Si ya Skinner: Historia Fupi ya Njia Mbili za Kufundisha

Kila mkufunzi aliyewahi kusahihisha mitihani ya Elimu ya Kikristo amekutana na jibu hili: nadharia ya tabia ni ile ya fimbo na kukariri kama kasuku, nadharia ya utu ni ile ya upendo na uhuru, kwa hiyo mwalimu Mkristo hana budi kuchagua ya pili. Jibu hilo ni jepesi mno, na aibu ni yetu, kwa kuwa wanafunzi hawakulitunga wenyewe. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba historia ya watu wawili walioziongoza nadharia hizo haikubaliani nalo, na kwamba ugomvi wao ulikuwa juu ya jambo jingine, lililo karibu zaidi na kazi ya mchungaji.

Tuanze na mkondo wa tabia. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwana wa mchungaji wa Kimethodisti, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya paka waliofungiwa ndani ya visanduku. Paka alihangaika, akagusa kamba kwa bahati, mlango ukafunguka, akapata chakula. Kadiri alivyorudishwa humo ndivyo alivyojifungua upesi zaidi. Thorndike akasema kwamba tendo linalofuatwa na ridhaa hushika mizizi. Mwaka 1913 John Watson alikwenda mbali zaidi, akitaka saikolojia iache habari za mambo ya ndani ya mtu, ishughulike na yale yanayoonekana kwa macho tu. Hapo wachungaji hukunja uso, na wana haki.

B. F. Skinner alizaliwa mwaka 1904 katika mji mdogo wa Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, akalelewa katika kanisa la Kipresbiteri. Katika kumbukumbu zake alisimulia jinsi bibi yake alivyomwonyesha makaa mekundu ndani ya jiko la sebuleni, ili mtoto aelewe jehanamu ni nini. Aliiacha imani akiwa bado kijana. Sidai kwamba makaa yale ndiyo chanzo cha mafundisho yake yote. Walakini ni vigumu kuyasahau tunapomwona mtu huyu akipinga adhabu kwa muda wote wa maisha yake.

Maana alipinga, na hili ndilo wanafunzi wetu hawalijui. Novemba 1953 alikwenda kutazama darasa la hesabu la binti yake huko Cambridge, Massachusetts. Aliona mambo mawili yaliyomsumbua: watoto walifanya hesabu nyingi bila kujua kama ya kwanza ilikuwa sahihi, tena wote walilazimika kwenda mwendo mmoja, mwepesi akichoka kwa kungoja na mzito akiachwa nyuma. Mwalimu hakuwa mbaya. Alikuwa mmoja tu mbele ya wengi. Skinner akaenda kutengeneza kisanduku cha kufundishia, na mwaka 1954 akakionyesha hadharani. Somo liligawanywa katika hatua ndogo; mtoto alijibu, akajua papo hapo kama amepata, akaendelea kwa mwendo wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu ufundi wa kufundisha alilalamika kwamba shule zilizojisifu kuacha kiboko zilibaki na ndugu zake: kejeli, makaripio, kazi za ziada, na hofu ya kushindwa. Mwanafunzi husoma ili aepuke mabaya, na akishayaepuka hufunga kitabu. Fimbo ilikuwamo shuleni karne nyingi kabla ya Skinner, wala haikumhitaji yeye ili iingie katika madarasa yetu.

Carl Rogers alizaliwa mwaka 1902 huko Oak Park, Illinois, katika nyumba ya Kikristo yenye maadili makali. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili familia ilihamia shambani, naye alipofika Chuo Kikuu cha Wisconsin alianza kusomea kilimo. Akageuka, akataka kuwa mtumishi wa kanisa. Mwaka 1922 alisafiri kwenda Uchina kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo wa dunia, akarudi baada ya miezi kadhaa akiwa ameanza kufikiri tofauti na wazazi wake. Mwaka 1924 aliingia katika chuo cha theolojia cha Union mjini New York.

Hapa naomba ndugu msomaji atulie kidogo, maana chimbuko la mafundisho ya Rogers juu ya darasa liko katika chuo kama chetu. Yeye na wenzake waliona kwamba wanalishwa mawazo yaliyokwisha kutafunwa. Wakaomba waruhusiwe kuwa na semina isiyo na mwalimu, ambayo mada zake zingekuwa maswali yao wenyewe, nayo ihesabiwe kama somo kamili. Chuo kilikubali, kwa sharti moja tu: mkufunzi kijana aketi pamoja nao, asiseme neno mpaka aombwe. Rogers alisimulia baadaye kwamba wengi wa kundi lile, walipoyafuata maswali yao hadi mwisho, walijikuta wametoka nje ya utumishi wa kanisa. Yeye alikuwa mmojawapo. Alivuka barabara, akaingia Chuo cha Ualimu cha Columbia, alipokuwa akifundisha Thorndike yule yule wa paka.

Hivyo mtu tunayemsifu kama rafiki wa elimu ya Kikristo aliipata njia yake katika darasa lililotugharimu wachungaji. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Wakuu wa Union walijua uhuru waliokuwa wakiutoa, na mpaka leo ninastaajabia ujasiri wao. Nasema tu kwamba hatuwezi kuisifu njia hiyo na kuificha gharama yake. Zaidi ya hayo, wanafunzi wale walikuwa na shahada, na maktaba ilikuwa mlango wa pili. Kumwachia uhuru wa namna hiyo mtoto ambaye benchi lake zima linatumia kitabu kimoja ni jambo jingine.

Wawili hawa walikabiliana mjini Chicago mwezi Septemba 1956, katika mkutano wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Skinner alisema kwamba hakuna asiyeongozwa: serikali, dini, wazazi na walimu wote hutengeneza tabia za watu. Anayekataa kuongoza kwa hofu ya kuonekana mtawala haleti uhuru, bali huwaachia wengine usukani. Rogers hakukana kwamba elimu ya tabia ina nguvu; nguvu hiyo ndiyo iliyomtia hofu. Akauliza: ni nani atakayechagua lengo? Sayansi yaweza kuonyesha njia ya kufika, lakini uchaguzi wa mahali pa kwenda hutangulia sayansi, nao ni wa mtu fulani, mwenye tamaa zake. Walikutana tena Duluth, Minnesota, Juni 1962, wasikubaliane. Kwa maoni yangu Skinner alishinda hoja ya kwanza, Rogers ya pili. Juu ya adhabu hawakuwa na sababu ya kugombana.

Katika kanisa letu mambo haya ni ya zamani kuliko wote wawili. Katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aliwaagiza wachungaji wachague maneno ya namna moja wasiyabadilishe, watoto wayashike neno kwa neno, ndipo wafundishwe maana. Miaka mitatu kabla ya hapo, katika Misa ya Kijerumani, alishauri mchezo: mtoto awe na mfuko wa imani na mfuko wa upendo, naye arudipo kutoka kanisani alete aya aliyoisikia na kuitia mfukoni mwake. Skinner angefurahi kuona hatua ndogo kama hizo. Rogers angeuliza ni nani aliyeishona mifuko.

Nilipokuwa usharikani nilifundisha Kipaimara kwa kukariri, na aliyekariri vema nilimpa pipi. Mwaka mmoja niliamua kuacha nusu saa ya mwisho iwe ya maswali yao. Jumamosi tatu tulikaa kimya, nami nilikaribia kukata tamaa. Ya nne kijana mmoja alisimama akasema, “Mchungaji, babu yangu alifariki kabla hajabatizwa. Ule ushirika wa watakatifu, yeye hayumo?” Maneno hayo aliyapata katika kifungu cha tatu, alichokuwa amekikariri wiki mbili kabla bila kukosea hata neno. Sikuwa na jibu katika maandalio yangu, na siku ile hatukuendelea na kifungu kilichofuata.